Wali wa Mgeni

Edward Mligo alikuwa na jambo moja tu la kujivunia duniani, na hakulificha. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha malori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, na mgongo ulipomkataa akarudi kwao Makambako, akawa mlinzi wa mchana kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na njia panda. Koti la ulinzi halikumpa sifa yoyote. Sifa aliipata kwa swali ambalo kila mgeni alimtupia mara tu alipotua begi lake getini: "Mzee, hapa tutakula wapi?"

Hapo Edward alijikohoza kidogo na kukaa sawa. Kwanza alimtazama mtu vizuri. Mnunuzi wa mbao alimwelekeza mahali pake, mwalimu aliyepewa uhamisho pake, na mwenye vidonda vya tumbo alimwonya asithubutu kukanyaga kwa yule mkaanga samaki aliye karibu na reli. Katika miaka kumi na mmoja ya kukaa getini, hakuna mgeni aliyerudi kulalamika. Wengine walirudi kushukuru, na Edward alizipokea zile shukrani bila kujifanya mnyenyekevu, maana kusema kweli alizistahili.

Sasa fikiria alivyojisikia asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa imekaza na kila mtu kajikunyata, pale mgeni wa chumba namba nne alipomwomba msaada. Mgeni huyo aliitwa Asteria, mwanamke wa makamo kutoka Arusha, mfanyakazi wa kampuni inayopeleka watu Kitulo kutazama maua. Alikuwa anaandaa kitabu kidogo cha kuwaongoza wageni njiani, kiwe tayari kabla ya msimu wa maua, na jioni ile ile saa kumi na moja alitakiwa kukituma kwa mchapaji.

"Shikamoo, mzee. Nataka tu unihakikishie umbali," alisema, akafungua daftari na kusoma. "Iringa hadi Makambako, sawa. Makambako hadi Njombe, kilomita sitini, hakuna mahali pa maana pa kula, wageni wabebe chakula kutoka Iringa. Hizo sitini ziko sawa?"

Edward hakusikia habari za kilomita. "Hakuna nini?"

"Pa kula, mzee. Mwenzangu alipita mwaka jana. Alikula chipsi hapo stendi, anasema zilikuwa zimelala."

"Alimuuliza nani?"

"Hakuuliza mtu. Alitafuta kwenye simu."

"Kwenye simu!" Edward alivua kofia, akaivaa tena. Alikasirika hasa, na hasira yake ilikuwa na haki. Mji mzima ulikuwa unaingizwa kitabuni kama mji wa njaa, yeye akiwa getini pake, mzima wa afya, na hakuna aliyemuuliza. "Binti yangu, hilo neno usilitume. Nipe siku ya leo tu. Ukifika saa kumi hujala kitu ambacho utakisimulia kwenu Arusha, andika unavyotaka, na mimi sitamwelekeza tena mtu yeyote hapa getini."

Asteria alicheka, akadhani ni utani. Alipoona mzee hacheki, alichukua funguo za gari.

Walianza kwa Jastin, nyuma ya magulio ya mbao, kwenye kibanda kisicho na jina wala bango. Edward hakumtangulizia Jastin taarifa yoyote. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake tangu enzi za lori: mahali pa kula panapimwa kwa kufikiwa ghafla. Walikuta wapasua mbao wamejipanga kwenye benchi, vumbi la msumeno mabegani, kila mmoja na bakuli lake la supu na chapati mbili, na hakuna aliyekuwa anaongea. Asteria alikunywa supu yake yote, akapangusa jasho puani.

"Tamu, baba. Kweli kabisa," alisema walipotoka. "Lakini supu na chapati nimekula Morogoro, nimekula Iringa, nimekula Mafinga. Niandike nini sasa, kwamba Makambako nako kuna supu?"

Maneno yale yalimwingia Edward vibaya, hasa kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Akaona heri atoe silaha yake kubwa, ambayo kwa kawaida hakuwapa wageni wa kupita. Silaha hiyo ilikuwa Yakobi, pembezoni mwa mji wa Njombe, kwa Mama Davis.

Mama Davis alipika kitu kimoja kila siku ya Mungu: viazi na maharage vilivyopondwa pamoja, vikaungwa kwa kitunguu na mafuta ya alizeti, na majani ya maboga ya karanga pembeni. Edward alimgundua kwa hotpoti. Siku moja alitumwa kupeleka mzigo Njombe, akaegesha lori hapo jirani, akaona saa sita mchana wanawake wa mtaa ule wanaingia uani kwake mmoja mmoja na hotpoti zao, wanatoka nazo zimejaa. Wanawake wa Yakobi wanajua kupika, tena hawapendi kuzidiwa. Ukiona wananunua chakula kwa mwenzao, tena mchana kweupe, ujue huyo mwenzao si wa kawaida. Edward aliteremka kwenye lori siku ile akala, na tangu hapo hakuwahi kutumwa Njombe bila kusimama pale.

Lakini asubuhi hii alikuwa ameguswa pabaya, na mtu aliyeguswa pabaya hufanya mambo asiyoyafanya siku zote. Asteria alipokuwa anajaza mafuta, Edward alisogea pembeni, akapiga simu.

"Mama Davis, naleta mgeni mkubwa kutoka Arusha. Anaandika kitabu. Tafadhali usiniangushe."

Ukimwambia mama wa Kibena kwamba unamletea mgeni mkubwa, umeshamaliza kila kitu. Edward mwenyewe alizaliwa na kukulia nyanda zile na alilijua hilo tangu hajaota meno, lakini siku ile alilisahau kama mtu aliyeshuka kutoka mwezini. Maharage ni chakula cha nyumbani. Viazi ni chakula cha kila mtu. Mgeni mkubwa hupikiwa wali na kuku, hata kama mchele umetoka mbali kwa lori na mpishi anaugusa Krismasi na siku ya kipaimara tu.

Walipofika, moyo wa Edward ulishuka kabla hajashuka yeye kwenye gari. Mbele ya nyumba palipangwa viti vya plastiki vya usharika, na meza ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Mama Davis alisimama mlangoni na kitenge cha kwaya, bila aproni. Katika miaka yote ile Edward hakuwahi kumwona bila aproni.

"Kamwene, kamwene! Karibuni, mama, karibu sana," alisema Mama Davis, akainama kumnawisha mgeni mikono.

Wali uliletwa kwenye bakuli la udongo la kuazima. Juu ulikuwa umekauka, chini umekuwa bokoboko. Kuku alikuwa wa kisasa, amekaangwa mpaka akakata tamaa. Soda ilikuwa ya baridi, na siku ile hata mbwa walikuwa wanatafuta jua. Asteria alikula vijiko vinne kwa adabu, akaweka kijiko chini.

"Asante sana, mama. Nimeshiba kwa kweli. Ile supu ya asubuhi ilikuwa nyingi."

Kisha akatazama saa, akafunga daftari lake bila kuandika neno. Edward aliona kila kitu. Aliona Makambako yake na Njombe yake zinaingia kitabuni bila chakula, na aliyeziingiza hivyo ni yeye mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Wakati huo huo kelele zilizuka uani.

"Leo hakuna viazi? Tangu lini?" Ilikuwa sauti ya Mwalimu Hezekia, mstaafu na mjane, ambaye hotpoti yake ya bluu ilifika pale kila siku kabla ya zote.

Mama Davis alikimbilia nyuma. "Mwalimu, punguza sauti. Kuna mgeni. Nimewaambia wote warudi kesho."

"Mgeni amekula viazi vyote?"

"Mgeni gani anakula viazi, jamani? Vipo, nimevifunika. Sitaki watu wapite hapa na mabakuli, mgeni akatuona."

"Kama vipo na mgeni havili, basi nipe mimi!"

Asteria aliinua kichwa. "Baba Edward, ni viazi gani hivyo?"

Edward angeweza kusema si kitu. Angeweza kuilinda heshima yake, akarudi getini, na pengine hakuna ambaye angejua. Badala yake alisimama na kuvua kofia.

"Binti yangu, nimekukosea. Nimemkosea na mama huyu. Mimi sipigi simu mahali ninapokwenda kula, leo nimepiga. Nilitaka sifa. Huo wali si chakula cha hapa, hiyo ni heshima waliyokupa. Chakula cha hapa kimefunikwa huko nyuma, na wenyewe wamefukuzwa, hotpoti zao tupu, kwa sababu yako."

"Edward!" Mama Davis alikuwa amerudi, na alikuwa karibu kulia. "Unaniaibisha mbele ya mgeni?"

"Aliyekuaibisha ni mimi kwa simu yangu. Hapa nakutoa aibuni."

Asteria alikwisha nyanyuka. "Mama, naomba niingie jikoni."

"Jikoni? Hapana, mama. Mgeni haingii jikoni. Kuna moshi, na mimi sijafagia."

"Mwache apite," alisema Mwalimu Hezekia kutoka nyuma, "na mimi nipite."

Jikoni kulikuwa na joto la kupendeza kuliko mahali popote walipokuwa wamepita siku ile. Mama Davis aliondoa gunia lililofunika sufuria, kisha mfuniko, na mvuke wa kitunguu na alizeti ukajaa chumba kizima. Alipakua viazi na maharage, rundo la majani ya maboga, nusu parachichi iliyonyunyiziwa chumvi. Asteria alikaa kwenye kigoda karibu na moto, magoti yakiwa juu, sahani mapajani. Alionja. Alionja tena, na tena, na Edward, aliyesimama mlangoni, aliutambua ule ukimya. Ulikuwa ule ule wa wapasua mbao kwa Jastin, ila huu ulikuwa mrefu zaidi.

Sahani ilipokwisha, Asteria alichungulia ndani ya sufuria. "Mama, samahani. Huo ukoko mna mtu mmemwekea?"

Mwalimu Hezekia alishusha pumzi, kwa sababu ukoko ulikuwa wake siku zote. "Mpe," alisema kwa uchungu. "Leo mpe."

Edward alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alijivunia viazi vile kuliko lori lolote aliloendesha, na wala hakuwa amevilima wala kuvipika.

Mama Davis alivaa aproni juu ya kitenge cha kwaya, akawaita wenye hotpoti warudi. Walijaa uani, wakapakuliwa mmoja baada ya mwingine, wakimsalimu mgeni kama vile amekuwa akikaa pale kila siku. Halafu Mama Davis akamgeukia Edward, mikono kiunoni.

"Na wewe kaa hapo. Wali wa mgeni hautupwi. Umeuagiza, utaumaliza."

"Mama Davis, nami nilitaka viazi kidogo..."

"Viazi ni vya wasiopiga simu."

Uani pote walicheka. Akaletewa bakuli zima la udongo, na kile kipande cha kuku juu yake. Edward alikula. Alianza na ule wa juu uliokauka, akaingia kwenye bokoboko, akavumilia. Hakuna aliyemwonea huruma, na yeye mwenyewe hakujionea.

Ilipofika saa kumi, Asteria alikuwa bado kwenye kigoda, simu mkononi, anafuta na kuandika. "Sikilizeni, kisha mniambie kama nimekosea," alisema, akasoma kwa sauti ili hata wa mwisho uani wasikie. "Makambako hadi Njombe, kilomita sitini. Msibebe chakula. Mkifika Makambako, muulizeni Mzee Edward getini. Yakobi, kwa Mama Davis, piteni mlango wa nyuma. Msipige simu kabla."

Edward alisimamisha kijiko. "Soma tena hapo kwenye jina."

Akasomewa tena. Akainamisha kichwa kwenye wali ili wasimwone uso, lakini walimwona.

Mama Davis hakuwa ametulia. "Mlango wa nyuma? Wageni wa Arusha wapite nyuma, kwenye moshi?" Alizunguka jiko, akakoka moto usiohitaji kukokwa, akarudi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Haya, Edward, wewe ndiye mjuzi. Hao watu wakija kweli, niwapikie nini?"

Edward alimeza tonge la mwisho la wali, akaliweka bakuli chini likiwa tupu.

"Pika kama vile hawaji," alisema.