Lifti ya Ghorofa ya Kumi na Nne

Mzee Idrisa alipima kwa kamba urefu wa jeneza la msikitini, baada ya swala ya alfajiri, wenzake walipokwisha kutawanyika. Wangemwona wangeanza maneno, kwa kuwa mkewe, Rukia, alikuwa anaumwa moyo mwaka wa pili sasa, na watu wa mtaa wao wa Chikongola hawajui kuona kitu wakanyamaza.

Kiwanja chao kilitakiwa kwa jengo la ghorofa ishirini na mbili: maduka chini, ofisi katikati, makazi juu. Wao wangepewa nyumba ghorofa ya kumi na nne. Ilibaki sahihi yake tu.

Ofisini, msanifu wa jengo, binti aitwaye Farida, alimpokea kwa shikamoo na soda, akamfunulia michoro. Alieleza vizuri, mashallah: upepo wa bahari utapita wapi, jua la alasiri litakingwaje. Mzee alisikiliza yote kwa adabu, kisha akatoa kamba mfukoni.

"Mwanangu, nionyeshe lifti. Huu ndio urefu wa jeneza. Linaingia?"

Farida alipima, akapima tena. "Haliingii, baba. Labda lifti ya mizigo, ile ya nyuma..." Hakumaliza. Kwenye mchoro, lifti hiyo ilifungukia chumba cha taka.

"Kumbe atasimamishwa," alisema mzee. "Mke niliyekaa naye miaka arobaini na moja, nimfunge kamba nimsimamishe kama godoro? Sitii sahihi."

Farida aliona aibu, aibu ya kweli. Miaka yote ya chuo na kazi amepima magari ya watu, friji zao na makochi yao, na hata siku moja hakuwahi kufikiria kwamba mtu hufa nyumbani kwake. Akafuta ukuta, akapunguza duka moja chini na chumba kimoja kila ghorofa, lifti ikarefuka. Mwenye mradi aling'aka kwenye simu karibu nusu saa, lakini bila sahihi ya mzee hakuna jengo, akakubali. Mzee akatia sahihi kwenye mchoro mpya.

Nyumbani alimkuta Rukia amekaa barazani, miguu ameiegemeza kwenye mto. Akamweleza kwa kuzungukazunguka, mara lifti pana, mara lifti ndefu, mpaka mkewe akaelewa ndefu ya nini. Mzee akatamani angenyamaza.

"Baba Hemedi," Rukia alisema mwishowe, "yaani asubuhi nzima ulikuwa unanishusha mie?"

Mzee aliisukumia kamba chini kabisa ya mfuko wake.

"Na huko juu, makopa yangu ya muhogo nitaanika wapi?"

"Sikuuliza."

"Basi kesho urudi ukaulize."