Vibanio Vyangu Bustanini

Mume wangu, karani mstaafu wa ofisi ya kuandikisha ndoa, alipomaliza kuozesha watu akaanza kuozesha maua. Si maua yoyote, bali yale mayungiyungi yanayochanua asubuhi na kunyauka jioni. Kila kukicha alikuwa bustanini, miwani puani, akichota chavua ya ua hili kwa brashi ndogo na kulipaka ua lile, kwa heshima zote za mshenga. Kisha kwenye kikonyo alibana kibanio cha nguo kilichoandikwa jina la ua baba. Vibanio vyangu! Nguo zikawa zinaanguka matopeni kwa ajili ya ukoo wa maua. Tuligombana hadi nikaapa kutovigusa tena.

Binti yetu alipoleta habari za mchumba wake, fundi friji, mzee hakuuliza kama kijana ana bidii wala kama ana utu.

"Baba yake ni nani?"

"Hata yeye hamjui, baba. Amelelewa na bibi yake."

"Mwanangu, mimi hata ua nisilolijua baba yake silimwagilii maji."

Binti akajifungia chumbani. Wiki mbili hakukaa nasi mezani, na roho iliniuma. Nilipojaribu kumtetea, nilijibiwa kwamba asili haipotei. Msemaji mwenyewe ukimuuliza jina la baba wa babu yake, anakohoa.

Basi mbegu alizozipanda miaka mitatu nyuma zikachanua. Ua moja lilitoka na rangi ya papai bivu, kingo zimekunjamana, mzee akakaribia kulia. Kwa kuwa lisingengoja kesho, alimpigia simu mwenyekiti wa chama cha wapenda maua, mama mmoja asiyependa maneno mengi, naye akaja asubuhi ileile na fomu ya kuliandikisha.

"Mama yake?" akauliza, akimkabidhi mzee fomu na kalamu.

"Ua liitwalo Bi Mkubwa."

"Baba?"

Mume wangu akavuta pumzi ya kuhutubia. Nikatua sinia la chai.

"Mama Mwenyekiti, kosa ni langu. Mwaka wa mbegu hizi nilivichukua vibanio vyake vya majina nikaanikia mashuka. Kuvirudisha, nilibana popote."

Mzee akashika kiti. "Vyote?"

"Vyote, mume wangu. Nisamehe."

"Sasa baba yake..."

"Labda nyuki ndiye anayejua."

Mwenyekiti akainama, akalitazama ua tena. "Sijaona zuri kuliko hili mwaka huu. Andika hajulikani. Kwani leo tunaandikisha ua au tunaandikisha baba?"

Kalamu ya mume wangu ilikaa hewani. Nilimwonea huruma, maana miaka thelathini kazini hakuwahi kuiacha nafasi ile tupu. Mwishowe akaandika, herufi mojamoja, kama mtu anayejing'oa jino. Akaitazama karatasi, kisha akautazama mlango wa chumba cha binti. Si mjinga, mzee yule.

"Huyo fundi," alisema bila kuniangalia, "chai anakunywa na sukari?"

"Kamuulize binti yako," nikasema, machozi yakinilenga.

Wameoana Jumamosi iliyopita. Mume wangu bado ananisimanga mbele ya wageni kwa habari ya vibanio, nami nainamisha kichwa na kuomba radhi. Mashuka yale niliyaanika juu ya uzio. Vibanio vyake sikugusa hata kimoja.