Kilo Nane na Nusu

Jumanne asubuhi fundi alikuwa barazani akipinda upindo wa sketi ya shule, mwanawe wa miezi tisa alipoinuka kutoka kwenye mkeka. Hakuinuka kwa kusimama. Aliinuka vilevile alivyolala chali, kiasi cha shubiri moja, akaanza kusogea taratibu kuelekea barabarani. Fundi alimdaka mguu, akamrudisha chini, akakata kipande cha utepe, akamfunga mguuni na kumshikiza kwenye cherehani. Kisha akamalizia upindo, maana mwenye sketi alikuwa anangoja.

Mama muuza mkaa wa nyumba ya pili alipita na debe lake kichwani, akasimama kutazama.

"Wangu wa tatu alikuwa hivyohivyo," alisema. "Mfunge kiunoni. Mguuni atachubuka."

Fundi akamfunga kiunoni.

Mtoto huyo alirithi jina la marehemu mama yake fundi, kwa hiyo kila mtu alimwita Bibi. Alipokuwa na miezi sita aliharisha wiki mbili mfululizo, na tangu hapo mwili haukurudi. Mapaja yalinywea, ngozi ya matakoni ikajikunja kama soksi iliyolegea, na uji aliutema. Fundi hakukosa kliniki hata mwezi mmoja. Huko hakuwa na shaka na mtu, kwa sababu mkuu wa kituo alikuwa dada yake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa na miaka minne, dada alikuwa na miaka kumi na mmoja. Dada ndiye aliyemwogesha, akamsuka, akamwachia kijiko cha mwisho cha uji huku akisema ameshiba. Dada akisema jambo, kwa fundi limekwisha.

Wiki hiyo dada alimvalisha Bibi suruali ya kupimia, akamtundika kwenye mizani. Bibi hakuning'inia. Alipanda, kamba za suruali zikalegea, akatulia usawa wa ndoano akinyonya kidole. Mshale haukutoka kwenye sifuri. Dada aliandika kilo nane na nusu.

"Dada, mshale haujasogea."

"Mizani imezeeka. Mimi napima kwa jicho, mwaka wa ishirini huu. Mtoto yuko sawa, mdogo wangu. Nenda kashone."

Fundi akaenda kushona. Siku hizo kulikuwa na upepo, kwa hiyo alimshonea Bibi fulana yenye mifuko sita midogo, akaijaza mchanga na kuifunga kwa uzi wa mara mbili. Bibi alikaa chini vizuri. Wanawake waliokuwa wakitembea na watoto wao kwenye kamba waliiona, wakaagiza. Hadi mwezi unaisha, fundi alikuwa ameshona fulana za watoto kumi na mmoja.

Kliniki iliyofuata dada alikuwa kwenye semina. Alikuwepo muuguzi wa wodi ya wazazi aliyeshika zamu yake, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Alimvua Bibi fulana, akamshikilia kwa kiwiko asiondoke, akamzungushia mkononi utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo. Ukaishia kwenye nyekundu, rangi ya hatari. Akaifungua kadi ya kliniki, akaisoma muda mrefu. Akasema mtoto huyu alipaswa kuanza chakula dawa cha watoto waliokonda miezi mitatu iliyopita, na kwamba maboksi yake yamejaa stoo hadi juu, hayajafunguliwa. Ila hawezi kumpa. Kadi inasema kilo nane na nusu, na mtoto wa uzito huo hapewi. Wa kuibadilisha kadi ni mkuu wa kituo peke yake.

Fundi aliuliza kama si kwamba mizani imezeeka. Muuguzi alimwambia ililetwa mwaka jana, na akamwonyesha nailoni ya dukani ikiwa bado kwenye ndoano.

Jumapili mchana fundi alikwenda kwa dada yake. Alimkuta akipiga pasi sare yake nyeupe. Alimweleza yote aliyoambiwa, na dada hakukana hata moja.

"Hata Bibi, dada?"

Dada aligeuza kola, akapitisha pasi. "Kituo chetu mwaka wa pili huu hakijaandika mtoto hata mmoja mwenye utapiamlo. Wakaguzi wanakuja Alhamisi. Unataka wa kwanza atoke kwangu?"

"Amebeba jina la mama."

"Ndiyo maana."

Kisha, kwa upole uleule wa zamani, dada alisema amezisikia zile fulana, na akaomba ashonewe kumi na mbili nyingine kabla ya Alhamisi, zenye mchanga zaidi kidogo. Fundi alikunywa maji aliyokaribishwa, akarudisha bilauri jikoni, akaondoka. Hakushona hata moja.

Alhamisi wakaguzi wawili walikaa kwenye meza iliyotandikwa kitambaa. Watoto wale kumi na mmoja walipimwa na fulana zao mwilini, na mshale ulikubaliana na kadi bila kupungua wala kuzidi. Ilipofika zamu ya Bibi, fundi alifungua vifungo, akamvua fulana, akaiweka mezani. Bibi alipanda, akapita juu ya mafaili ya wakaguzi, akagota darini karibu na feni, ambayo kwa bahati ilikuwa imezimwa. Akina mama wengine walitazama sakafu.

Mkaguzi mkubwa alitazama juu, akatazama kadi, akaandika: uzito wa kuridhisha. Kwenye maoni aliongeza kwamba misumari ya darini ing'olewe kwa usalama wa watoto. Kisha akauliza kama kituo kina ngazi.

Dada alisogea karibu na sikio la fundi. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimemvua mtoto," fundi alisema.

Ngazi ilipoletwa, dada alipanda mwenyewe na viatu vyake vyeupe. Alimshika Bibi kiunoni, akamvuta kifuani, akabaki naye huko juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mkono mmoja ukimpapasa mbavu, moja baada ya nyingine. Macho yake yalikuwa yameloa aliposhuka. Alimkabidhi fundi mtoto. Akanawa mikono, akakaa, akavuta kadi, akaandika kilo tisa.