Njia Isiyo na Mvua

Mume wangu ni kinyozi, na anaamini kwamba mtu mwenye wembe shingoni hawezi kusema uongo. Ndiyo maana tulipokubaliana kufunga kazi na kutembea kwa miguu miezi mitano, mabegi mgongoni, kutoka mlangoni kwetu hadi milima ya kaskazini na kurudi kwa njia ya ziwani, hakusikiliza redio wala hakumtafuta mtaalamu wa hali ya hewa. Aliwauliza wateja.

Kila aliyekaa kwenye kiti chake alihojiwa. Kwenu ni wapi? Mvua huanza lini? Na upepo je? Akipata jibu anaacha kichwa nusu, anakwenda kwenye ramani aliyoitundika kando ya kioo, anachomeka pini. Pini zenyewe zilikuwa zangu. Mimi ni fundi cherehani, na ilifika wiki nikampima mteja gauni nikiwa nimeshikiza pindo kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Taabu ni kwamba watu wawili wa sehemu moja hawana mvua moja. Mwalimu mmoja alisema mwezi wa sita kwao ni mkavu, hata mbuzi hukohoa vumbi. Njia ikapitishwa kwao. Akaja dereva wa lori wa huko huko, akaapa kwamba mwezi wa sita madaraja huondoka na maji. Njia ikahamishwa. Akaja mpwa wa yule dereva, akasema mjomba wake ni mwongo tangu utotoni. Njia ikarudi. Mwisho wake ilijizungusha kama uzi uliochezewa na paka. Haikuwa na mvua, ni kweli, ila haikuwa na mwelekeo pia.

Tulikuwa tumeshaahirisha mwaka juzi, tukaahirisha na mwaka jana. Nikilalamika ananiambia haraka haraka haina baraka. Namjibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwangu mimi yanayoumia ni magoti. Nilikuwa nimeanza kushuka ngazi za sokoni kwa ubavu, nimeshika ukuta, huku najifanya natazama bidhaa. Nilijua tusipoondoka mwaka huu, mimi sitaondoka tena. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kuzungusha. Akasema ndiyo maana anatafuta njia kavu.

Kilichonikera zaidi ni hema. Nililishona kwa mkono wangu, turubai jepesi, mishono ya kukunja mara mbili, nikapaka nta kila mahali sindano ilipopita. Nikamkabidhi kwa majivuno. Akaligeuza, akasema ni zuri sana, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Hakulifungua hata siku moja. Nikaanza kujumlisha mambo. Mtu anayepanga miezi mitano bila tone moja haogopi mvua, haamini mshono wa mkewe. Nilivimba. Wiki nzima nikampa chai isiyo na sukari, na yeye akainywa bila kuuliza, jambo lililonivimbisha zaidi.

Basi Jumapili moja, katikati ya kiangazi ambacho kwa mara ya kwanza wateja wote walikubaliana nacho, mvua ikanyesha. Ilianza baada ya chakula cha mchana na haikubisha hodi, iliingia ndani moja kwa moja. Kinyozi hajinyoi, na huyu wangu alijua mawingu ya kila mahali isipokuwa yaliyo juu ya bati lake. Tundu la bati nilimwonyesha lingali dogo. Tuliweka ndoo, tukaweka sufuria, tukaweka na bakuli la povu la ndevu. Maji yakapata kitanda, yakapata kochi. Yalipoifikia ramani, ambayo alikuwa ameileta nyumbani aitafakari, mume wangu alisimama katikati ya sebule ameikumbatia, hajui aende wapi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mimi nikavuta hema uvunguni. Nikasukuma meza, nikafunga kamba kwenye miguu ya kabati na kwenye kitasa cha mlango, nikaingia. Baada ya muda na yeye akaingia, kwa ajili ya ramani, alisema.

Tulikaa humo alasiri nzima, goti kwa goti. Maji yalidondoka juu ya turubai na kuteremka pembeni. Yeye alipitisha kidole mshono kwa mshono, anakitazama, anakifuta kwenye suruali ingawa kilikuwa kikavu. Nilimwacha amalize pande zote.

"Niambie ukweli," nikasema. "Unaogopa mvua au unaogopa mshono wangu?"

Alikunja pembe ya ramani, akaikunjua.

"Mshono wako sina neno nao. Naogopa usije ukaugua huko mbali, mama watoto. Mimi kazi ninayoijua ni kunyoa tu. Nitakunyoa, halafu?"

Nilicheka machozi yakinitoka. Nilimwonea huruma, na nikajutia sukari yangu. Kumbe kwa pini zote zile alikuwa anaizungushia ua hofu moja tu, na hofu yenyewe ni mimi.

"Na mimi naogopa kuugua," nikamwambia. "Ila naogopa kuugulia hapa, nikiwa sijaenda."

Mvua ilipopungua alianza kuchomoa pini moja moja na kunikabidhi, nami nikazirudisha kwenye kopo langu. Aliacha mbili, moja mlangoni kwetu na nyingine milimani.

Kesho yake aliziba bati. Siku iliyofuata tulipita kwenye kibanda chake tukiwa na mabegi mgongoni, manyunyu bado yakianguka, mimi nikitangulia kwa mwendo wangu wa ubavu na yeye akinifuata bila kunihimiza. Alisimama kidogo kubandika karatasi mlangoni. Nilirudi nyuma kuisoma. Alikuwa ameandika: Kinyozi amesafiri na mkewe. Akirudi, yeye ndiye atakayewaambia kwenu hunyesha lini.