Tochi Haina Undugu

...sabini na moja, tena, naisema kwa sauti ili Mwalimu Evance asikie na aandike, naye anaandika taratibu kama kalamu inamuuma, maana alishajiaminisha kwamba huyu Mosi ndiye muujiza wake, kamtoa Kinole huko milimani, wiki nzima anatutambia mtajionea, mtajionea, haya tumejionea, sabini na moja, na wanaotakiwa kambini Dar ni wasichana wa themanini kwenda juu, mpira utoke mkononi kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa, si sabini na moja, na kila mtoto ana mirusho sita, huyu ameshatupa mitano, umebaki mmoja, hata Mungu hawezi kukuongezea tisa kwa mrusho mmoja... vijana wa siku hizi ukiwapa kofia na filimbi wanajiona makocha, softiboli wenyewe wameijua juzi, mimi trafiki nimeshika tochi ya kupimia mwendo wa magari miaka ishirini na saba barabara ya Dar, pale Mikese, pale njia panda ya Ngerengere, mabasi, malori, mashangingi ya wakubwa, wote nimewapiga tochi na wote wakashuka na wimbo mmoja, afande tochi yako mbovu, na mimi jibu langu moja, tochi haina undugu, lete leseni, ndiyo maana Bwana Vinod wa duka la mabati alipoagiza hiki kitochi cha michezo kwa ajili ya timu ya binti yake hakuhangaika, alikuja moja kwa moja Mafiga kugonga kwangu, dada Mwajuma, mji mzima huu hakuna anayejua kushika hii kama wewe, akataka na kunisomea kikaratasi kilichokuja ndani ya boksi, nikamwambia weka hapo, mimi nisomeshwe tochi uzeeni, si kunitafutia laana huko...

"Mama," ni mama yake Mosi huyo, kaketi chini kando ya kiti changu, ndala kazivua kaziweka mapajani kama zitaibiwa, "mbona kule nyumbani akitupa mpira unapasua ubao wa banda la mbuzi, hapa namba inakuwa ndogo?" Huko kwenu kuna mashine, namuuliza. "Hakuna, mama." Basi, namwambia, nalo linatosha, maana watu wa huko juu ndivyo walivyo, kwao kila kitu kikubwa, ndizi kubwa, baridi kubwa, watoto wao wana nguvu za ajabu, wakishuka mjini wakapimwa ndipo wanapoanza kuuliza mizani imekuwaje, na ubao wenyewe wa banda la mbuzi nani asiyejua ulivyo, umeoza, hata mbuzi akipiga chafya unapasuka... na sasa watanong'ona, nawajua, watasema mtoto wa mwenye tochi kapata themanini na moja, mtoto wa mkulima kapata sabini na moja, waseme, Yesha wa Bwana Vinod nimempima wa kwanza kabisa asubuhi na baba yake kasimama nyuma yangu anahema, sikumwongezea hata nukta, kilichoandikwa kwenye kioo ndicho nilichosoma...

na huyu mdakaji naye, Shadya, jamani watoto wa kulelewa kwa maziwa ya boksi, kila mrusho anavua glavu anajipuliza kiganja, anakikung'uta, anakibana kwapani, Evance anamwuliza unaumia, anasema "Unachoma, mwalimu," unachoma sabini na moja, angekuwa binti yangu ningemchoma mimi, na mbona asubuhi kwa Yesha hukujipuliza, themanini na moja ile ulidaka unatafuna jojo, sasa kwa sabini na moja tunaletewa maigizo... kwa Yesha hakujipuliza... labda mkono umechoka, amedaka tangu saa mbili walipoanza kupasha misuli, mkono nao ni nyama, lakini wale wawili waliofuata, wa sitini na tatu na sitini na nane, nao hakujipuliza, anajipuliza kwa huyu tu, na tangu mrusho wa kwanza, na glavu inalia pa kama mlango uliobamizwa, kwa Yesha haikulia vile, au ilikuwa inalia mimi sikusikia kwa sababu nilikuwa karibu zaidi, hapana, aliye karibu ndiye angesikia zaidi, nilikuwa nyuma yake pale, kiti changu kilikuwa nyuma ya Shadya, nyuma ya wavu, mpira unanijia usoni, mpaka saa nne jua liliponipanda kichwani nikaburuta kiti mpaka huku ubavuni, kwenye kivuli cha ukuta wa stoo, hatua kumi na tano tu, na nikasema hapa ndipo nilipozoea, pembeni, trafiki gani anakaa katikati ya barabara...

pembeni. Yule mzee wa chuo kikuu, miwani imefungwa kwa uzi, nilimdaka Mikese kwa sitini na nane penye hamsini, akashuka, nikajiandaa kusikia tochi mbovu, akasema "Mwanangu, umekaa pembeni mno, hapo inakupunguzia, mimi nilikuwa natembea sabini na tano," akachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti, mstari wa gari, mstari wa tochi, akasema kitu kikikujia usoni tochi inaona mwendo wote, kikikupita ubavuni inaona kipande, na kadiri unavyokwenda ubavuni ndivyo inavyozidi kukipunja, nami nikacheka mpaka koplo wangu akaja kuona kuna nini, mwanamume mzima anabisha kwamba alikosa zaidi ya alivyokamatwa, nikamwandikia faini yake ya sitini na nane na jioni nikawasimulia watu kwamba vyuoni nako kuna vichaa... miaka ishirini na saba nimewapunja madereva na hakuna aliyelalamika, nani alalamike kwa kupunguziwa, nikaita kimya chao ujuzi wangu.

Na wale wawili, wa sitini na tatu na sitini na nane, nimewapima hapa hapa kivulini, wameshavua raba wameondoka, mmoja alikwenda analia mpaka getini na nilisema moyoni lia, mpira si mama yako, sasa yule sitini na nane ni ngapi, ningejuaje, nimemfukuza mtoto wa watu kwa sababu ya kuogopa jua... na ninaweza, hakuna anayejua hapa zaidi yangu, ninaweza kunyanyua kiti nikasema mgongo unaniuma, nirudi nyuma ya wavu, mrusho wa sita utoke themanini na kitu, mama apige vigelegele, Evance avimbe kichwa, mimi nibaki afande, na wale wawili wabaki njiani na namba zangu, nani atakwenda kuwauliza... Mwajuma, mshenzi wewe, umeanza kupanga uongo wako kabla hata hujamaliza kuona kosa.

"Afande," Evance anaita, kofia mkononi, amekwishakata tamaa, "umalizie huo wa mwisho, tuwaache watu waondoke."

"Bado," nasema.

"Bado nini?"

Bado, limetoka jembamba, sauti si yangu, na sasa litataka mengine ya kulifuata, nimekaa vibaya, futa zote tangu saa nne, mrudishe yule aliyelia, niyaseme mbele ya Vinod na kikaratasi chake, mbele ya huyu mama ambaye hata jina sijamwuliza, na sijawahi kuyasema kwa mtu maneno hayo, sijui hata yanaanzia wapi mdomoni, na Mosi amesimama pale pale na mpira wake, haitazami glavu, ananitazama mimi, anangoja nimwambie tena kwamba hatoshi...