Mkeka wa Kina Mariamu

Bi Mariamu alichomeka shazia, ile sindano ndefu ya mikeka, akavuta uzi wa ukindu na kuunga ukili, utepe uliosukwa, wa nne na wa tano. Kili zilikuwa tisa, na viungo vya vidole vyake vimevimba. Kesho mjukuu wake angetimiza siku saba, alazwe juu ya mkeka huo, mwalimu amtaje jina.

"Mama, hujanijibu," alisema Kidawa, bintiye, huku akinyonyesha.

"Mwite Kazija. Watu wa mumeo kule Tingi wanalipenda."

"Mimi nataka lako."

Bi Mariamu alivuta uzi mwingine. Miaka mitatu nyuma Kidawa alimpa binti yake wa kwanza jina hilohilo, na mtoto hakufika siku arobaini. Tangu hapo bibi aliliona jina lake kama kisima kilichoingia chumvi.

Mara ikapigwa hodi. Asubuhi Kidawa alikuwa amemwomba jirani yao Bakary, akielekea sokoni Lindi, amwite somo wa mama aje kusaidia kushona, kwani wenye jina moja huitana somo, na somo hamnyimi somo wake mkono. Kidawa akasahau kusema somo yupi. Bakary, mtu wa kuogopa kukosea, akawaita kina Mariamu wote aliowajua.

Wakaingia watatu: Mariambai, mke wa Fakhruddin mwenye duka la nguo; Mariamu wa Pande, muuza dagaa; na Maria, Mmakonde wa Mitwero mwenye medali ya Bibi Maria shingoni, ambaye mumewe Ignasi alipakua mitambo ya mradi wa karanga bandarini.

"Shikamoo, somo," alisema Maria.

"Marahaba," wakaitika wale wengine watatu kwa pamoja.

"Kaamkiwa mwenye nyumba!" alisema muuza dagaa.

"Kaamkiwa somo," akajibu Mariambai. "Mimi nani, mbuzi?"

Wakacheka, wakagawana kili.

"Kanisani kwetu," alisema Maria, "ukiita jina hili, nusu ya akina mama wanageuka. Mimi nilipewa na mama. Alikuwa akimwomba Bibi Maria njia nzima, siku aliyonizaa porini akikimbia vita."

"Mimi nilipokuwa na uchungu," alisema muuza dagaa, "mume wangu alikaa mlangoni akisoma Suratu Mariamu mpaka sauti ikamkauka. Akaja Yahya wangu."

Mariambai alikaza fundo. "Kwetu lilitoka Kachi, huko Uhindini, na bibi. Kabla yangu walizikwa wawili, wote Mariamu. Mimi wa tatu. Leo nina wajukuu kumi na mmoja."

Shazia ya Bi Mariamu ilisimama. "Hawakuogopa?"

"Baba aliogopa. Bibi akamwambia, watoto wamechukuliwa na homa. Jina lina kosa gani?"

Bi Mariamu aliwatazama. Jina moja limevuka bahari, limekimbia vita, limesomwa mlangoni kwa mzazi, na limefika barazani kwake likiwa na mikono sita ya kazi. Miaka sitini amelivaa bila kujua ukubwa wake.

Karibu na magharibi wageni waliaga, wakaahidi kurudi alfajiri kumalizia. Bi Mariamu alimpokea mtoto, akamweka begani.

"Haya, somo," alimnong'oneza. "Cheua, ulale."

Kidawa alisikia. Alijifunika uso kwa upindo wa kanga.

Kili mbili zilikuwa bado. Bi Mariamu alichomeka shazia pale walipoishia, akaukunja mkeka.