Riba ya Asiye na Mtu Nyumbani

Benki ya kwanza ilimkatalia kwa adabu, ya pili ikamkatalia bila adabu, na ya tatu haikumpa hata kiti. Msichana wa dirishani aliandika jina lake kwenye kompyuta, akakunja uso kama aliyenusa maziwa yaliyochacha, akasema, "Mama, jina lako limechafuka." Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

Hebu fikiria. Mwanamke aliyeshona mapazia maisha yake yote, ambaye hajawahi kumpelekea mteja kitambaa chenye doa hata la ukubwa wa punje ya mchele, anaambiwa mbele za watu kwamba amechafuka. Wateja walimwita Fundi, na hakuna aliyehitaji kuuliza fundi wa nini. Alitoka pale uso umemshuka.

Uchafu wenyewe aliujua ulikotoka. Mama mkwe wake alianguka bafuni akavunjika nyonga, hospitali ikataka fedha kabla ya kumpasua, na mumewe akakaa kitandani ameshika tama akisema hana kitu. Fundi hakungoja kuambiwa mara mbili. Akaenda kukopa kwa jina lake. Bibi alipasuliwa, akatembea, akarudi kuwasema majirani kama zamani. Mkopo ndio uliotembea kwa kuchechemea. Mwaka ule watu hawakuwa wakijenga wala kuoana, na asiyejenga wala kuoa hanunui pazia. Malipo yalichelewa, yakachelewa tena. Hatimaye alilimaliza deni lote, lakini kompyuta za benki zina kinyongo.

Gari alilolitafutia mkopo alilihitaji kweli. Hoteli mpya ilimtaka ashone mapazia ya vyumba vyote, kisha awe anayashusha, anayafua na kuyatundika upya mwaka mzima. Kazi ya namna hiyo mtu huipata mara moja maishani. Ila meneja wa hoteli alikuwa amemwona akifika na kigari cha kukodi, amechelewa, mabomba ya pazia yamechomoza nyuma, ngazi imefungwa kwa vipande vya bitana, na dereva anadai aongezewe.

"Fundi, kazi yako naipenda," meneja alimwambia. "Lakini siwezi kuwa nangojea gari la watu. Mwisho wa mwezi uje na lako. La sivyo nitampa mwingine."

Fundi hakumwambia mumewe. Si kwa ubaya. Mtaani walimpachika jina la Subiri, maana kila jambo, liwe la kununua sufuria au la kumpeleka mtoto kung'olewa jino, jibu lake lilikuwa "subiri kwanza". Alikuwa mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Mtu mkimya, asiyekunywa, asiyezurura, aliyeshonesha viatu vyake mpaka mshona viatu akamshauri avizike. Watu walipomwita mkono wa birika, Fundi aliwaka. "Mume wangu si mchoyo," alikuwa akisema. "Hana tu. Kutokuwa nacho si uchoyo." Na alikuwa na ndoto yake ndogo: siku moja apige honi mlangoni, Subiri atoke na kandambili, aone gari, akose la kusema.

Rafiki yake mpambaji wa kumbi za harusi ndiye aliyemwelekeza kwenye ofisi moja juu ya duka la miwani. Huko, alisema, watu waliochafuka majina ndio mlo wao wa kila siku.

Ofisi ilikuwa na vyumba viwili, feni moja, na wakala mwanamke mchangamfu aliyevaa koti zito huku anajipepea.

"Sisi hatukopeshi, mama," alieleza. "Tunaunganisha tu. Wewe umekataliwa na benki, sivyo? Nami ninao watu wenye fedha zao, hawaogopi jina chafu. Nawatafutia ninyi, nawatafutia wao, mnapokubaliana napata changu. Lakini kwangu kuna sharti moja. Yeye hajui jina lako na wewe hujui lake mpaka siku ya kutia saini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu watu wana tabia ya kukutana pembeni wakaniacha na koti langu."

Fundi akacheka. Akaanza kuulizwa maswali: anafanya nini, wapi, deni la zamani lilikwamaje. Yote aliyajibu bila kona. Likafika la mume.

"Yupo," alisema.

"Ana nini? Nyumba, kiwanja, akiba? Mtu wa kukushika mkono ukikwama?"

"Mume wangu ana moyo mzuri, dada."

"Moyo mkopeshaji hawezi kuuza, mama."

Fundi aliinamisha kichwa. "Basi sema hana kitu."

Aliposhuka ngazi alijisikia vibaya, kana kwamba amemvua mumewe nguo barabarani. Kumtetea mtaani miaka yote ile, halafu kumsaliti mbele ya mtu asiyemjua, kwa neno moja.

Simu ya wakala ilimkuta chini ya meza ya kukatia, anapima pindo, pini zimemjaa midomoni.

"Mama, mtu amepatikana. Yeye hatoi fedha, anatoa gari. Unalitumia huku unalipa kidogo kidogo, linabaki kwa jina lake mpaka umalize. Ila riba yako iko juu. Karibu mara mbili ya wenzako."

Fundi alizitema pini kiganjani. "Mara mbili? Kwa kosa gani?"

"Nisikufiche. Aliniuliza kama una mtu nyumbani wa kukuokoa. Nikamwambia mume yupo lakini hana kitu. Akasema, huyo ni sawa na asiye na mtu. Mpandishie."

Lo, mwanamke yule alikasirika. Jitu gani hilo, linakaa mahali pake limeshiba, linampima mume wa mtu bila kumwona? Lakini hoteli haikungoja hasira zake zipoe. Alipiga hesabu kwa vidole, akaona kwamba akibana matumizi na mashine isiharibike, atalipa. Akakubali.

Usiku, wakati wa chakula, alimtazama Subiri akitafuna polepole, kichwa chini, na huruma ikamjaa. Akachukua kipande cha nyama kutoka sahani yake akamwekea.

"Mbona leo hivyo?" mumewe aliuliza.

"Basi tu. Watu wengine hawana utu."

"Hilo kweli," alisema Subiri, akala ile nyama. Kisha akakumbuka kusema kwamba Jumamosi hatakuwepo, ghalani wanahesabu mali. Fundi naye akasema Jumamosi anakwenda kupima madirisha ya mteja. Wakaelewana vizuri sana, kila mmoja na uongo wake.

Jumamosi nyuma ya duka la miwani palikuwa na gari dogo la mizigo, jeupe, mlango wa nyuma mpana. Fundi alilizunguka, akachungulia ndani, akapima kwa macho. Ngazi inaingia. Mabomba yanaingia, hata yale marefu. Akapanda ngazi kwa wepesi ambao magoti yake yalikuwa yameshausahau.

"Yuko chumba cha ndani," wakala alimnong'oneza. "Mtu mpole. Utampenda."

Akasukuma mlango.

Mezani alikaa Subiri.

Kitu cha kwanza alichokiona Fundi ni shati. Lilikuwa la bluu, limepigwa pasi mpaka mikono imesimama, na yeye hajawahi kulifua. Mke anayajua mashati ya mumewe, na hili hakulijua. Kisha akauona uso, na akili yake, maskini, ikakimbilia mahali pazuri: naye amekuja kukopa. Amesikia habari za hoteli, amekuja kunitafutia gari kwa siri. Akaanza kutabasamu. Nusura amwite mume wangu.

"Bosi," wakala alisema, akimpita amebeba kiti, "huyu ndiye mteja wetu. Mama, bosi ndiye huyu. Gari hilo la chini ni lake, na mengine matano yako barabarani kwa wateja wangu."

Tabasamu lilimgandia Fundi usoni, hana pa kulipeleka. Mbele ya mumewe palikuwa na funguo zimepangwa, kila moja na kibandiko chake. Masikio yalimziba. Alimwona wakala akifungua na kufunga mdomo, sauti haifiki. Aliketi.

Subiri alikuwa amebadilika rangi. Mkono wake ulisogea kufunika funguo, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Mnafahamiana?" wakala aliuliza.

Fundi ndiye aliyepata sauti kwanza, na ilitoka ya chini, ya kawaida kabisa, mpaka yeye mwenyewe akaishangaa.

"Tangu lini?"

"Mama watoto, hebu turudi nyumbani tu—"

"Tangu lini?"

"Siku nyingi," alisema Subiri. "Nilianza na moja. Nilinunua bovu, nikalitengeneza. Nilitaka yafike kumi ndipo nikwambie."

Wakala aliweka mkono mdomoni. Alitazama huku, akatazama huku, na ukaona mambo yakimpangikia kichwani moja moja. "Yesu wangu," alisema taratibu. "Ndiye yule mume."

"Ndiye," alisema Fundi. "Yule asiye na kitu." Akamgeukia mumewe. "Mama yako alipolala hospitali anasubiri kupasuliwa, magari haya yalikuwepo?"

Subiri alianza kuzipanga upya funguo mezani.

"Baba watoto, nakuuliza. Fedha zilikuwepo?"

"Zilikuwa kwenye mzunguko," alisema.

Hapo ndipo Fundi aliishiwa nguvu hasa. Angetukanwa angetukana. Angepigwa angepiga kelele. Lakini neno lile, kwenye mzunguko, lilisemwa kwa upole ule ule wa kila siku, na kwa upole ule akaiona miaka yake yote: taa zilizozimwa mapema, sare za watoto zilizoshonwa kutokana na mabaki ya mapazia, majirani aliogombana nao kwa kumtetea mtu huyu. Aliumia, aliona aibu, na zaidi ya yote alishangaa. Alimtazama mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja akashindwa kukumbuka anamjua kwa lipi.

"Alipovunjika mama yako nikachafuka jina mimi," alisema. "Na wewe unaishi kwa kuwakopesha waliochafuka majina."

"Sikujua ni wewe." Subiri sasa alikuwa amesimama. "Haki ya Mungu, naletewa habari za mtu bila jina, bila aina ya kazi. Ningejua ni wewe nisingepandisha riba."

"Ulijua ni mwanamke. Ulijua anafanya kazi mwenyewe, ulijua mumewe hamsaidii. Hukumwonea huruma?"

"Hiyo ni biashara."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Nimeelewa."

Wakala alikohoa. Koti alikuwa ameshalivua. "Jamani, mimi nifanyeje hapa? Niufute mkopo?"

"Ufute," Subiri alidakia. Akaokota ufunguo mmoja, akausukuma mezani mpaka ukagusa vidole vya mkewe. "Chukua gari, mama watoto. Lako. Hakuna riba, hakuna deni, hakuna chochote. Twende nyumbani tuyamalize."

Ufunguo ulikuwa mdogo, una joto la mkono wake. Fundi aliutazama. Chini kulikuwa na gari ambalo ngazi yake inaingia. Hotelini kulikuwa na meneja anayengoja. Nyumbani kulikuwa na watoto ambao wangefurahi, na yeye angefurahi pia, kama tu angenyamaza na kusema ahsante.

"Dada," alimwambia wakala, "wale wenye mtu nyumbani, wanalipa riba gani?"

"Nusu ya yako, mama."

"Mpe hiyo," Subiri alisema haraka. "Kama hataki bure, mpe hiyo nusu."

"Hapana." Fundi alivuta kalamu ya wakala karibu. "Usipunguze hata senti. Uliwahi kuniambia mambo mengi, baba watoto, na yote niliyaamini, nikawagombeza watu kwa ajili yake. Hili ulimwambia mtu mwingine ndiyo maana lilikuwa la kweli. Ulisema mteja huyu ni sawa na asiye na mtu. Ulipima vizuri."

Alitia saini kila mahali wakala alipomwonyesha. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja, maana umezoea kukata kitambaa cha bei mbaya mbele ya mwenye nacho. Alipomaliza alimsukumia mumewe kalamu.

"Zamu yako, bosi," alisema. "Tafadhali fanya haraka. Nina kazi hotelini."